Sina Kazi, Niko Nyumbani Tu

Hindu binti Taha alikuwa na macho mabovu kuliko mtu yeyote hapa Shela, na hakuna aliyemfikia kwa kushona kofia. Watu waliyaona haya kuwa mambo mawili mbalimbali, macho upande wao na kofia upande wake. Yeye mwenyewe aliyaona hivyo. Mimi, Rawiya, nimeketi naye ukumbini kwake miaka thelathini na minne, sindano yangu ubavuni mwa yake, na nilijua kwamba ni jambo moja.

Akitaka kutoka alivaa miwani, vioo vinene kama vitako vya chupa. Akitaka kushona aliivua, akaiweka kando ya mkeka, akaileta bafta, kitambaa cheupe cha kofia, mbele ya pua mpaka ukadhani anainusa. Shibiri haikufika. Kwa umbali huo macho yake yalikuwa makali ajabu. Aliziona nyuzi za kitambaa mmoja mmoja, akapitisha sindano baina ya uzi na uzi. Vitobo vya kofia zake vilikuwa sawa na punje ya ufuta, na ungeweza kuvipanga mia usione kilichomzidi mwenzake. Vya kwangu ni sawa na punje ya mtama. Mwenye duka kule Amu hupokea kofia zangu, akazisifu, kisha akauliza, "Na za Bi Hindu hakuna?" Nimeulizwa hivyo tangu mimi ni mwari, na sitasema haikuniuma.

Kuna jingine kuhusu macho yale. Ukishakuwa hatua tatu kutoka kwake, naye hana miwani, wewe kwake ni kivuli chenye sauti. Kwa hiyo ukumbini mwa Hindu hukuwa na haja ya kuuchunga uso. Niliweza kukunja pua, kubetua midomo, kucheka kimya kimya yeye akizungumza, na madhali sauti yangu ilikuwa tamu, alinijibu kwa utamu. Nilizoea raha hiyo nikasahau hata kwamba ni raha.

Mumewe, Abdulqadir, alifariki binti yao Huwaida akiwa na miaka minne. Kofia ndizo zilizomlea mtoto. Zilinunua unga, zikanunua sare za shule, zikaezeka paa. Lakini mwanamke wa nyumba kama ile hasemi kwamba anafanya kazi, kwa sababu kazi kwetu ni ya aliyekosa wa kumtunza, na kusema unayo ni kumsema vibaya marehemu na ndugu zako wote walio hai. Ungemwuliza Hindu, mwenye vidole vilivyota sugu kwa sindano, hufanya kazi gani, angekujibu kama sote tunavyojibu: sina kazi, niko nyumbani tu. Alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu.

Huwaida alipofika miaka ishirini na mbili akaposwa na Faiz, kijana wa Kizingitini anayeendesha boti ya hoteli moja hapo ng'ambo, Ras Kitau. Kijana mzuri, hana neno. Mwenye neno ni mamake, Bi Fahima, mwanamke wa kukagua. Huyo akiingia nyumba ya watu huangalia kwanza pembe za dari.

Katika nyumba zetu, kofia ya siku ya nikahi huishona mama wa bibi harusi kwa mkono wake. Hainunuliwi, wala hasaidiwi mtu. Asubuhi ya harusi huletwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na mama wa bwana harusi huishika, akaigeuza nje ndani, akaona mwanawe anaoa nyumba ya watu gani. Kofia ikisifiwa, binti huingia kwa mumewe kichwa juu. Ikichekwa, huingia amechekwa, na kwa mwanamke kama Fahima kicheko hicho kingedumu mpaka wajukuu.

Hindu hakuwa na wasiwasi. Alianza kofia ile miezi minane kabla. Duara la juu alilimaliza kwa miezi miwili, na nakwambia sijawahi kuona kazi kama ile. Nililishika nikaligeuza kutafuta kosa, sikulipata. Akaanza ukanda wa pembeni.

Kisha ikaja ile Ijumaa ya gatini. Hindu alikuwa anatoka kumwona mgonjwa. Pumzi chini ya ninja iliyomfunika uso na unyevu wa bahari vilikuwa vimegeuza vioo vyake ukungu, akavivua akavitia mkobani, akawa anapita kwa mazoea. Bi Fahima alikuwa ameshuka kwenye boti na wanawake wawili wa kwao. Akamwona mkwewe, akapunga mkono, akatabasamu. Injini zilikuwa zinanguruma, neno halisikiki. Hindu akampita hatua nne, kichwa kimenyooka kama mke wa sultani.

Maneno yalirudi Shela kabla ya adhana ya alasiri. Bi Fahima alikuwa ameuliza mbele ya watu: "Mwanangu aoa kwa watu wanaotuona sisi takataka?"

Hindu alilia siku mbili. "Mato haya," aliniambia, "mato haya yatanivundia nyumba ya mwanangu. Nitamwendeaye yule mama, Rawiya? Nimwambie siwaoni watu? Ataamini?"

Mwezi uliofuata hema jeupe likasimamishwa Amu, mbele ya bahari. Kliniki moja ya Mombasa. Jina lao silitaji wasije wakapata tangazo la bure. Bango lilisema TUPA MIWANI, na chini yake picha ya mwanamke akiirusha miwani hewani kama anarusha mchele. Kupima ni bure. Tulikwenda pamoja, mimi na Hindu.

Aliyetupokea ni msichana wa bara, Valary, mpole, mwenye meno mazuri, na kitambulisho kifuani kimeandikwa mshauri wa wateja. Alimpima, akamkalisha, akafungua fomu.

"Mum, kwani hii miwani haikuchoshi? Hii ni leza tu. Dakika kumi, huskii kitu, unarudi nyumbani ukiona hadi mbu akipiga miayo."

Hindu akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Ijumaa ile.

"Miaka?"

"Arubaini na saba."

"Unaendesha gari?"

"Gari la kupita wapi, mwanangu? Shela hata punda wapishana kwa kuombana radhi."

Valary akacheka, akaandika. Sukari? Hapana. Presha? Hapana. Macho hukauka? Hapana.

"Na unafanya kazi gani, mum?"

"Sina kazi, niko nyumbani tu."

Kalamu ikaandika. Kisha Valary akaweka mkono wake juu ya mkono wa Hindu, na hili nataka lieleweke, kwa sababu yule msichana hakuficha kitu. Alisema, "Kuna kitu moja lazima nikuambie. Kwa sababu umepita forty, ukishafanyiwa utaona mbali poa kabisa. Lakini ya karibu, inawezekana utahitaji miwani ya kusomea. Uko sawa na hiyo?"

"Kusoma mimi nasoma Msahafu," Hindu akasema, "na sura nizisomazo zimo moyoni. Miwani ya kusomea ya nini?"

Wakacheka wote wawili. Valary akatia alama.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nyuma yake. Nilielewa. Elimu sina, lakini miaka thelathini na minne nilikuwa nimemtazama akivua miwani ili ashone. Utajiri wa Hindu wote ulikuwa hapo karibu, shibiri moja mbele ya pua, na watu hawa walitaka kuuchukua wampe vitu vya mbali. Neno moja lingetosha: Hindu, waambie kwamba washona. Mdomo wangu ulifunguka kabisa. Kisha nikajiambia, nani amekuuliza, Rawiya? Wewe ni daktari? Nikaufunga.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miezi. Ukweli ni kwamba niliiona siku ambayo mwenye duka atapokea kofia zangu bila kuuliza za mtu mwingine, na nikaipenda.

Bangili zake mbili za dhahabu, za mahari yake, zikauzwa. Nikamsindikiza Mombasa. Walimpa karatasi saba za Kiingereza atie sahihi, akatia, kila karatasi, kwa mwandiko wake mzuri wa chuo cha Kurani. Alikaa mle ndani kitambo kifupi hata chai yangu haijapoa. Alipotoka alisema hakuumwa, ila alisikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Nikamwuliza nywele za nani. Akasema hakuna mwenye nywele zilizo wazi mle ndani.

Asubuhi ya pili wakamtoa vifuniko vya macho. Ukutani palikuwa na ubao wa herufi. Akazisoma zote, mpaka mstari wa chini wenye herufi kama sisimizi, akasoma na jina la kiwanda lililo chini ya ubao, ambalo hakuulizwa. Akaangua kilio. Valary alikuwa tayari na simu. "Sema tu vile unajiskia, mum."

Hindu akaitazama simu, ninja ameitia juu ya pua, macho mekundu yamejaa machozi. "Naona! Alhamdulillahi, naona! Miaka yangu yote nalikuwa kwenye ukungu. Wendangu wa Amu na Shela, ndooni! Msiogope, ndooni!"

Video hiyo ilifika Shela kabla yetu.

Siku zile zilikuwa za furaha na sitamnyima. Alisimama ufukweni akataja vitu vya Ras Kitau kimoja kimoja: ule mwavuli, ile kamba ya nguo, yule mtu avuta sigara. Alimjua Faiz botini kwa shati. Alisalimia watu kutoka mwisho wa uchochoro, watu wakashtuka. Akapanda boti mpaka Kizingitini, na kabla boti haijagusa nchi kavu alikuwa amesimama anaita, "Bi Fahima! Bi Fahima wa kanga ya manjano! Nakuona!" Fahima akacheka mpaka akashika mbavu. Akaelewa kwamba ya gatini yalikuwa macho. Wakala pamoja. Fahima akamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesamehe, kwamba sasa anaingoja kofia tu.

Mimi nami nilipata fungu langu. Siku aliyorudi, watu wamejaa ukumbini, alinitazama kutoka kule mlangoni akapiga yowe. "Rawiya! Kumbe umezeeka hivi? Nalikudhania bado kijana!" Watu wakaangua kicheko. Nilicheka kuwashinda wote.

Aliambiwa ayapumzishe macho wiki tatu. Siku ya ishirini na mbili alitandika mkeka, akaketi mahali pake, akaitoa kofia ya Faiz kwenye kitambaa chake cheupe. Akaileta puani kama kawaida. Akatulia. Akaisogeza mbele kidogo. Akaisogeza tena. Mkono ulipofika mwisho wake alibaki ameunyoosha, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu na mwenzake hapokei.

"Rawiya," akasema, "kitambaa hiki kimefanyaje?"

"Kimefanyaje?" nikamwuliza.

"Hakina nyuzi."

Alidhani ni uchovu. Akatia matone aliyopewa, akalala, akajaribu kesho yake, na kesho kutwa. Akatuma mtu Amu amletee miwani ya kusomea ya duka la dawa. Kwa miwani ile aliiona sindano, aliuona mkono wake, lakini kwa umbali wa dhiraa, na kwa umbali huo nyuzi za bafta hazihesabiki. Akiisogeza karibu, vyote vinayeyuka. Tena kila uzi ulikuwa na kivuli chake pembeni, mmoja wa kweli na mmoja wa uongo, naye hajui achome upi. Baada ya dakika chache macho yalimwaka kama yametiwa pilipili. Alijichoma kidole, tone la damu likaingia kwenye ukanda. Alilifua kwa mate yake mwenyewe na ndimu mpaka likatoka. Vitobo sita alivyoshona kwa kupapasa alivifumua kwa aibu.

Huwaida hakuambiwa. Hindu aliogopa kumtia bintiye hofu, na aliogopa zaidi maneno kuvuka mpaka Kizingitini. Asubuhi moja niliingia nikamkuta mahali pake, kofia mapajani, mkono unapanda na kushuka kwa mwendo wake ule ule wa zamani, mzuri, usio na haraka. Huwaida alikuwa anapita na sinia, akatabasamu kumwona mama yake kazini. Nikaketi, nikatazama. Sindano haikuwa na uzi. Mimi nikatia uzi katika yangu nikaendelea na shughuli yangu, na tukashona pamoja mpaka adhuhuri, mmoja anashona na mmoja anachoma hewa.

Mwishowe tulirudi Mombasa. Daktari alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa. Akamkalisha mbele ya ubao ule ule. Hindu akasoma mpaka mstari wa sisimizi.

"Mama, macho yako ni ya rubani," akasema daktari. "Ningekuonyesha kwa wanafunzi wangu."

"Sioni kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Akaitoa kofia, akampa. Daktari akaishika kwa vidole viwili, akaileta kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa wa mtu anayetazama kitu. "Hii ni kazi safi sana. Umenunua wapi?"

"Ndimi niloshona."

Akamtazama. Akatazama faili. Akamwita Valary, naye akaja na meno yake na upole wake, na ukweli ni kwamba alikuwa na huruma. "Mum, si uliniambia huna kazi? Hapa nimeandika mama wa nyumbani. Ungeniambia unashona vitu vidogo hivi, daktari angekuambia usifanye, ama ufanye jicho moja. Na miwani ya kusomea nilikutajia. Hata rafiki yako alikuwa hapo."

Wote watatu wakanigeukia.

"Walisema kusoma," Hindu akasema, sauti imeanza kupanda. "Hawakutaja kushona. Rawiya, waambie. Walitaja kushona?"

Nilisema, "Walitaja miwani ya kusomea."

Ni kweli tupu. Sikuongeza hata nukta. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika.

"Basi nirudishieni mato yangu," Hindu akasema.

Daktari akatabasamu, kwa adabu, akamweleza kwamba kilichoondolewa na leza kimeungua, hakipo tena mahali popote. Operesheni imefaulu. Ukavu utapungua, au utabaki, mwili wa kila mtu una tabia yake. Wakampa chupa mbili za matone, bila malipo. Alipoomba ile video yake ifutwe, Valary akamwonyesha karatasi ya tano kati ya zile saba, na sahihi nzuri ya chuoni chini yake. Mwezi ule wanawake kumi na mmoja wa Amu na Shela walikuwa wamekwisha kujiandikisha, na wawili waliniambia walifuata machozi ya Bi Hindu.

Nerea, mwalimu wa shule yetu, mwanamke wa bara lakini mwenye moyo, alisikia akakasirika kuliko Hindu mwenyewe. Akaandika malalamiko kwa ofisi inayosikiliza mashtaka ya wagonjwa, kurasa tatu, na kofia akaipiga picha. Walitaka shahidi. Nikasema mimi nitaeleza nilichosikia, na Nerea alipokisikia, kwamba miwani ya kusomea ilitajwa, hakuniandika. Jibu lilikuja baada ya wiki tisa. Nerea alilisoma amesimama. Faili limepitiwa. Mgonjwa alishauriwa na akatia sahihi. Uwezo wa kuona umefikia kiwango na kukizidi. Kuhusu madai ya kupoteza riziki, mgonjwa alieleza kwa kinywa chake kwamba hana kazi. Shauri limefungwa.

"Mimi sikusema uongo," Hindu akasema. "Kila mtu husema hivyo." Nerea alikunja karatasi, akairudisha bahashani.

Harusi ilikuwa imebakiza siku arobaini. Ukanda ulikuwa umeshonwa robo, na robo tatu ni kitambaa kitupu chenye alama za kalamu. Hindu alisubiri mpaka Huwaida akaenda sokoni. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, Hindu ambaye hajawahi kuniomba hata kipande cha uzi.

"Nimalizie, Rawiya. Mtu asiyue."

Nikamaliza. Nilijitahidi, wallahi, katika maisha yangu sijashona vile. Nilivibana vitobo mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini mkono ni wa mtu na mtu. Mahali pa kuungana kazi yake na yangu, ufuta ulikwisha na mtama ukaanza. Ungekuwa mbali usingejua. Nikamkabidhi. Akaushika ukanda kwa mkono ulionyooka, akasema ni mzuri, akanishukuru huku ameangalia pembeni.

Asubuhi ya harusi ukumbi wa Hindu ulijaa mpaka mlangoni. Wanawake wa kwao Fahima upande wa dirisha, wetu upande wa ndani. Kofia ikaletwa juu ya sinia na asumini pembezoni. Bi Fahima akaichukua. Akatazama duara la juu, akalitazama muda mrefu, na kichwa chake kikaanza kutikisika kwa sifa. Akaigeuza nje ndani. Akapitisha kidole gumba ukandani, polepole, na kidole kikasimama.

"Bi Hindu," akasema kwa heshima, "hapa uliugua?"

"La, sikuugua."

"Mkono umebadilika."

"Mkono ni wangu wote," Hindu akasema.

Fahima akaitazama kofia, akamtazama Hindu, kisha akasema kwa upole ambao ulinitisha hata mimi, "Hapa kitobo kimoja kimeachia. Njiani siniani, labda. Kikaze, bibi, tumpelekee bwana harusi." Mmoja wa wanawake wake akatoa sindano iliyokwisha kutiwa uzi. Sijui kama walikuja nayo makusudi.

Hindu akapokea. Na kwa mazoea ya miaka thelathini na minne akaileta kofia puani, mbele ya watu wote. Akaiondoa. Akanyoosha mkono. Akaanza kupapasa kwa ncha ya kidole, anatafuta tobo, sindano inatangatanga juu ya kitambaa, ikachoma mahali palipo pazima. Msichana mmoja wa Kizingitini akacheka, akazibwa mdomo. Huwaida alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na hina yake, anasikiliza.

Mimi nilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na mlango, hatua kumi na tano au zaidi. Nilifanya niliyozoea kufanya katika chumba chochote alichomo Hindu. Niliuachia uso wangu.

Akainua kichwa kunitafuta. Alitaka nije nimwokoe, niseme ana homa, ana wasiwasi wa mama, leteni nikaze mimi. Macho yake yakapita juu ya vichwa vya watu wote yakanifikia. Nilikuwa nimesahau. Kwa nafsi yangu yote nilikuwa nimesahau kwamba hatua kumi na tano sasa kwake si kitu, kwamba alinunua kwa bangili zake uwezo wa kuona mkunjo wa uso kutoka upande wa pili wa ukumbi. Uso wangu mwenyewe sikuuona, lakini najua midomo yangu ilikuwa imepanda juu, na sikuwahi kuishusha.

Hindu alinitazama kwa muda wa kusoma Fatiha. Kisha akaiweka kofia siniani.

"Mpeni Rawiya," akasema. "Ndiye alomaliza. Na hemani, siku ile, ndiye aloyua, asiseme."

Hakuna aliyeelewa la hema, ila la kofia lilieleweka. Bi Fahima aliifunika sinia kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayefunika maiti, akamtuma mtu dukani. Faiz alioa amevaa kofia ya mashine iliyonunuliwa Amu kabla ya swala ya adhuhuri. Huwaida yuko Kizingitini mwaka wa pili sasa. Mumewe anampenda. Mama mkwe akimtaja kwa wageni husema, "Huyu wa mikono miwili," na wageni hucheka, na yeye huwapa chai.

Mimi ndimi wa kwanza Shela siku hizi. Mwenye duka hupokea kofia zangu akazisifu, haulizi za mtu mwingine. Nashonea kwangu, peke yangu.

Hindu huketi dirishani juu, mikono mapajani, anatazama Ras Kitau. Analishwa na nduguye, naye nduguye humkumbusha hilo. Kila nikitokea mwanzo wa uchochoro, nikiwa mbali hata sijatambulika na mtu mwingine yeyote, yeye huugeuza uso wake ukutani na haurudishi mpaka nimepita. Watu wanasema Bi Hindu kiburi kimemrudia, kwamba tena hawaoni watu. Mimi peke yangu hapa Shela ndiye ninayejua kwamba ananiona.